Sori ya Mzee Kola

Kama neno pole lingetozwa kodi, Mzee Kola angefilisika zamani. Alimwambia pole aliyejikwaa, aliyebeba mzigo, aliyetoka kazini, na hata yule aliyeamka salama ila uso wake ulikuwa bado haujaamka. Mpangaji mwenzake akipiga chafya chumba cha pili, pole ilipenya ukutani. Siku moja alisikika akiiambia pole mashine iliyokatika mkanda, na laini nzima ya washonaji ikacheka mpaka kazi ikasimama dakika mbili, jambo ambalo kiwandani pale halikuwa dogo.

Jina lake si Kola, bila shaka. Alipoingia kiwandani akiwa kijana mwenye nywele zake zote, alipewa kazi ya kushona kola za mashati, na akashona kola miaka kumi na mmoja. Hakushona mkono, hakushona mfuko, hakugusa kifungo. Ungemuuliza shati linashonwaje, angekuambia linaanzia shingoni, na huko chini ni habari za watu wengine. Baadaye alipandishwa cheo akawa msimamizi wa laini ya saba, yenye watu arobaini na wawili, lakini cheo kilikuja jina likiwa limeshakauka. Meneja alimwita Kola. Mkewe naye alimwita Kola, akitaka kumchokoza.

Mashati yenyewe hayakuwa ya kuvaliwa na watu wa pale. Yalikunjwa, yakatiwa kwenye mifuko, yakapakiwa kwenye makontena, yakaenda zake ng'ambo kwa mtu ambaye wafanyakazi walimwita Mwenye Lebo. Hakuna aliyewahi kumwona. Hakuna aliyejua kama ni mtu mmoja au ni watu mia waliozunguka meza. Lakini Mwenye Lebo akitaka bluu, ni bluu. Akisema vifungo sita badala ya saba, kifungo cha saba kinakufa siku hiyo hiyo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakumjua Mwenye Lebo, maana yeye hakuwapo hata siku moja, na lake ndilo lililokuwapo peke yake.

Hata hivyo, usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na Mzee Kola hakuwatukana. Kabla ya kiwanda, mahali pale palikuwa kiwanja cha magugu, na vijana walikaa juu ya ukuta wakitazama magari ya watu. Kiwanda kilimsomeshea watoto wawili, mmoja leo ni mwalimu, mwingine anaendesha malori, na wote wako mbali. Kiliezeka nyumba nyingi za mtaani. Kilimtoa Binti Vifungo, msichana wa laini ya saba aliyekuwa mwepesi kuliko wote kwenye mashine ya kubandikia vifungo, nyumbani kwa mjomba wake alikolishwa masimango pamoja na chakula, kikampa chumba chake mwenyewe. Mtu akikuambia hayo si kitu, mwulize yeye alilelewa na nani.

Lakini dunia inayopeleka mashati ng'ambo hupeleka na watu. Mke wa Mzee Kola alikwenda kufanya kazi za nyumba nchi ya mbali, mtoto wa pili alipofika shule ya juu na mshahara mmoja ukawa haufiki. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Miwili ikazaa miwili, nayo ikazaa mingine, na sasa ilikuwa inakaribia sita. Huko alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee sana, asiye ndugu yake: anamwogesha, anamlisha, anamgeuza kitandani. Mume huku alikuwa akijipikia sufuria dogo, anakula nusu, na nusu inayobaki anaitazama kesho yake. Alikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala. Cha pili aliweka nguo za mkewe, na kila baada ya wiki kadhaa alizitoa, akazianika, akazirudisha zilipokuwa, maana nguo isiyovaliwa huota ukungu.

Walizungumza kila Jumapili mchana. Mzee Kola alivaa shati lililopigwa pasi, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mkewe alimcheka. "Unaongea na mimi au unaomba kazi?" Wakati mwingine maneno yaliwaishia wakabaki wakitazamana tu, na hilo nalo walilihesabu kuwa ni mazungumzo.

Mwaka huo mkewe alikuwa amesema basi. Watoto wamemaliza, kodi ya nyumba si kubwa, mshahara wa msimamizi unawatosha wawili. "Mwisho wa mwaka narudi, baba watoto. Na safari hii sirudi tena huku." Mzee Kola alikwenda kununua rangi siku hiyo hiyo. Akapaka kile chumba cha pili, akakosea kona moja, akarudia. Jirani alipomwambia pole na kazi, alijibu, "Asante, nimeshapoa," kwa sauti ambayo jirani hakuwahi kuisikia kutoka chumba kile.

Sasa tuje kwenye kinga.

Mashine ya vifungo ina sindano inayoshuka haraka kuliko jicho. Mbele ya sindano hufungwa kipande cha plastiki ngumu, angavu kama kioo, kazi yake kuzuia kidole kisifike panapopigwa. Hicho ndicho wanachokiita kinga. Kinga ni jambo jema, ila inakwaruzika, inaziba macho, na kila kifungo kinachelewa kidogo. Kwa mashati mia nane kwa siku, uchelewaji huo hauonekani. Mwaka huo Mwenye Lebo alitaka mashati elfu moja kwa siku kutoka kila laini, kwa bei ile ile, la sivyo angepeleka oda yake nchi nyingine ambako watu wana vidole vyepesi zaidi.

Meneja alimwita Mzee Kola akamwambia, "Wewe ni mtu mzima. Tazama utakavyofanya."

Hakumwambia atoe kinga. Hakuna aliyesema neno hilo, si juu wala chini. Mzee Kola mwenyewe alichukua bisibisi asubuhi moja kabla ya kengele, akafungua kinga zote nane za laini ya saba, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka kwenye droo ya meza yake. Laini ikafika elfu moja kabla ya wiki kwisha. Laini nyingine nazo zilifanya vivyo hivyo. Mkaguzi wa Mwenye Lebo alipokuwa akija, alitangaza tarehe, na siku hiyo kinga zilirudi mahali pake, zimepanguswa. Akishaondoka, zilirudi drooni.

Mwezi ule mkaguzi alikuja siku mbili kabla ya tarehe.

Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwenye adabu, amevaa viatu vya kukimbilia na ameshika kibao cha kioo cha kuandikia. Mzee Kola alikutana naye mlangoni. Mawazo yake yalikuwa drooni kwenye zile kinga, lakini mgeni ni mgeni. Alitafuta Kiingereza cha pole na safari, akapata neno lile lile alilofundishwa shuleni na linalotumiwa na kila mtu mtaani: sori. Akamwambia sori kwa safari. Yule dada akasimama. Ndege yake ilikuwa imechelewa saa nne, na sasa amekutana na mtu anayeomba radhi kwa ajili yake. Alimtazama Mzee Kola kama anayejiuliza huyu alifikaje mpaka kwenye injini ya ile ndege.

Mzee Kola aliwahi mezani kwake, akavuta droo, akaanza kufunga kinga huku amewapa watu mgongo. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Alikuwa kwenye ya nne aliposikia kelele.

Binti Vifungo alikuwa amegeuza shingo kumtazama mgeni. Basi, hakuna zaidi. Sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ikavunjikia ndani ya mfupa.

Mzee Kola alimfikia wa kwanza. Alimshika mkono ule akauinua juu, damu ikamwingia kwenye mkono wa shati. "Pole, mwanangu. Pole. Pole sana." Mkaguzi akafika mbio, macho kwenye damu tu, uso umebadilika rangi, na Mzee Kola akamhurumia naye pia, maana aliona hajazoea damu. "Sori, madamu," akamwambia. "Sori sana."

Yule dada alimwuliza kwa Kiingereza, taratibu, kila neno peke yake: anasema sori kwa sababu gani?

Mzee Kola aliona swali la ajabu. Mtu ameumia, unauliza pole ya nini? Akajibu, "Kwa sababu ya kidole."

"Sori kwa ajili ya kidole chake?"

"Sana, madamu. Na wewe pia, sori."

Mkaguzi akaandika.

Kufika mchana, Binti Vifungo yuko hospitali na fundi wa mitambo ameshafunga kinga zote nane, zinameta. Mkaguzi alipoipiga picha mashine, kinga ilikuwepo. Kwa hiyo swali likawa: kama kinga ilikuwepo, kidole kilifikaje kwenye sindano? Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili. Kosa la mfanyakazi. Kosa la msimamizi. Akakumbuka sori alizozisikia kwa masikio yake mwenyewe, akatia alama kwenye kisanduku cha pili, akapanda ndege.

Siku ya tatu meneja alimwita Mzee Kola ofisini. Feni ilikuwa ikipuliza karatasi moja tu mezani, na meneja ameizuia kwa kikombe.

"Kola, kaa. Ulimwambia nini yule dada?"

"Nilimwambia pole, bosi."

"Ulimwambia sori."

"Si ndiyo pole?"

Meneja alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kulala nusu usingizi, simu ya ng'ambo chini ya mto. "Huku ndiyo pole. Kule ukisema sori kazini, na mtu anavuja damu mbele yako, umekiri. Wameandika msimamizi amekiri kosa mara tatu. Wanataka uondoke mwisho wa mwezi." Akaitoa ile karatasi chini ya kikombe. "Hii ni barua. Inasema neno ulilotumia, kwa lugha yetu, ni la kumfariji mtu, halina maana ya kukubali kosa. Soma. Kuna uongo humo?"

Mzee Kola alisoma mara mbili. "Hamna uongo."

"Pole ni samahani?"

"Hapana. Pole si samahani."

"Basi tia sahihi tumalize."

"Nikitia sahihi, alama inakwenda wapi?"

Meneja akatazama dirishani. "Inahamia kisanduku cha kwanza."

"Kwa mtoto."

"Ataondoka yeye. Kola, atapata kazi kwingine, bado kijana. Wewe una hamsini na nane."

Mzee Kola aliigeuza karatasi kutazama nyuma, kana kwamba huenda nyuma kuna kitu zaidi. "Hiyo fomu haina kisanduku cha oda?"

"Oda gani?"

"Ya mashati elfu."

Meneja akacheka, si kwa dharau. "Aliyeleta oda ndiye aliyetengeneza fomu." Akampa mpaka Jumatatu.

Unaweza kusema uamuzi ulikuwa rahisi. Wewe uliyekaa unasoma, ndiyo, ni rahisi. Lakini Mzee Kola alitembea kurudi nyumbani siku hiyo akiwa na chumba kilichopakwa rangi kichwani. Akitia sahihi, mkewe anarudi mwisho wa mwaka. Asipotia, hakuna mshahara, na bila mshahara mama watoto anaongeza mkataba, miaka miwili mingine ya kumgeuza bibi wa watu kitandani. Miaka miwili mingine ya kopo la sukari. Alipika, akala robo badala ya nusu. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Katika watu arobaini na wawili aliowasimamia, hakuna aliyewahi kuingia chumbani kwake, na hilo lilimuuma usiku ule kwa mara ya kwanza, kana kwamba ni wao waliokataa na si yeye aliyekuwa hajawakaribisha.

Jumamosi alikwenda kumwona Binti Vifungo.

Alifunguliwa mlango kwa mkono wa kushoto. Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, kitanda kimetandikwa, ndoo mbili za maji zimefunikwa. Hospitali walikuwa wamekata kipande cha kidole mpaka kiungo cha kwanza, na kilichobaki kilikuwa ndani ya bandeji nene. Mezani alikuwa ametandaza blauzi, na alikuwa akijifunza kufunga vifungo vyake kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mzee. Karibu kiti, mimi nakaa kitandani."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Asante, mzee. Nimeshapoa." Akainua ile bandeji akaitazama. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Sijui tisa na nusu wanasemaje."

Mzee Kola alicheka kwa sababu alitakiwa kucheka. Akasema pole tena. Akajibiwa asante tena. Ndivyo neno lile lilivyo: lina jibu lake, linakwenda na kurudi, hakuna anayebaki akidaiwa. Wangeweza kukaa hivyo mpaka jioni.

"Mzee," binti akasema, "wamenipigia simu kutoka ofisini. Wanasema huenda imeonekana nilikiuka utaratibu. Utaratibu gani huo?"

Mzee Kola alianza kuinyoosha ile blauzi mezani.

"Maana zile kinga nilikuona ukizitoa, siku ile asubuhi. Niliwahi kuliko wengine. Na nikwambie ukweli, nilifurahi. Ilikuwa inaniziba, inanichelewesha kila siku. Nilisema moyoni, mzee huyu Mungu ambariki." Alimtazama usoni, hana hila yoyote, anauliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu. "Kwa hiyo na mimi nina kosa? Kwa vile nilifurahi?"

Kuna mambo mtu anayajua kwa miaka bila kuyajua. Mzee Kola alikuwa amesema pole maelfu ya mara katika maisha yake, na hapo, kwenye kile kiti, alitambua kwamba hajawahi kumwambia mfanyakazi yeyote neno lile jingine. Pole ilikuwa imemtosha kwa kila kitu. Ilimfanya mtu mwema bila kumgharimu.

"Huna kosa," akasema. "Kinga nilizitoa mimi. Samahani, mwanangu."

Binti alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Macho yakaanza kumjaa maji, ambayo hayakuwa yamemjaa kwa pole zote za wiki ile. "Sijui niseme nini, mzee," akasema mwishowe.

"Usiseme kitu."

Mzee Kola alikaa dakika chache zaidi, akaaga, akaenda.

Kwenye ukuta wa kiwanda, karibu na choo, kulikuwa na tangazo la Mwenye Lebo, na chini yake namba ya kupigia simu au kutumia ujumbe kwa mfanyakazi yeyote mwenye malalamiko. Lilikuwa limebandikwa miaka minne na jua limekula rangi yake. Hakuna aliyewahi kupiga namba ile. Mmoja aliwahi kuijaribu kwa utani akasikia muziki, akakata. Mzee Kola alikuwa ameinakili Ijumaa bila kujiambia kwa nini. Jumapili asubuhi alikaa mezani na daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa shule. Aliandika kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza yale maneno mawili yalikuwa neno moja, na ndiko balaa lilikotokea. Waliojua kuleta oda, akasema moyoni, watafute na mkalimani.

Aliandika hivi: "Siku ile niliposema sori nilikuwa nasema pole. Meneja wetu anasema kweli, pole si samahani. Lakini binti hana kosa. Kinga nilizitoa mimi kwa mkono wangu, wala kwenye mashine yake haikuwepo siku ile, ilifungwa baadaye ndipo mkapiga picha. Nilizitoa kwa sababu mlitaka mashati elfu moja na kwa mia nane hakuna aliyekuwa anaumia. Mimi nasema samahani kwa binti. Na nyinyi tazameni kama mna la kumwambia, au mna pole tu." Akatia jina lake la kweli, ambalo hata kwake lilionekana geni. Akaupiga picha ukurasa ule, akautuma kwenye ile namba. Simu ikatoa mlio mdogo kuonyesha umefika.

Saa saba mchana alivaa shati la pasi, akaegemeza simu kwenye kopo.

Alimsimulia mkewe yote tangu mwanzo, na mkewe akacheka kidogo aliposikia habari ya ndege iliyochelewa. Kisha akaacha kucheka.

"Huku niliambiwa siku ya kwanza kabisa," akasema. "Bibi akianguka, usiseme sori. Piga simu, funga mdomo. Ukisema sori wanawe watakushtaki. Mwaka jana alianguka bafuni. Nilimshika hivi, analia, na mimi mdomo nimeufunga. Miaka sita sijamwambia mtu pole, Kola. Wewe tu, Jumapili." Akaisogelea simu. "Hebu niambie mimi pole."

"Pole ya nini?"

"Ya chochote. Nataka kuisikia tu."

"Pole, mama watoto. Pole na kazi. Pole na mgongo. Pole na baridi ya huko."

"Asante," akasema, na alikuwa amefumba macho. "Haya. Kesho utatia sahihi?"

Mzee Kola alishika ukingo wa meza. "Nimeshawaandikia. Asubuhi. Nimewaambia ni mimi."

Mchuma janga hula na wa kwao, na kwenye kile kioo kidogo Mzee Kola aliiona habari ikifika. Ilimfika mkewe kwenye midomo kwanza, kisha kwenye mabega.

"Umeshatuma?"

"Nimetuma."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Nimeshanunua sanduku, Kola. Lile kubwa, la magurudumu. Liko hapa nyuma ya mlango, kila nikiingia najigonga nalo." Sauti yake haikuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama ingekuwa nayo. "Umefanya vizuri. Ningekuwa mama wa yule mtoto ningekuombea dua. Lakini mimi si mama yake. Mimi ndiye nitakayekwenda kuwaambia hawa watu kwamba siondoki. Uliona hilo?"

"Niliona."

"Uliona, ukatuma."

Pole ilikuja mdomoni yenyewe, kama ilivyokuja maisha yake yote. Akaizuia.

"Samahani, mke wangu," akasema.

Mkewe alimtazama. Mzee Kola alisubiri. Alimwona anatafuta neno, au anatafuta kama neno lipo. Huko nyuma, ndani ya ile nyumba, kengele ndogo ikalia mara mbili.

"Bibi ananiita," akasema. "Ngoja."

Akainuka. Simu ikaanguka chali pale alipoiacha, na kwenye kioo ikabaki dari ya nyumba ya watu, nyeupe, yenye taa isiyowashwa. Mzee Kola alisikia hatua za mkewe zikienda, bomba likifunguliwa, kisha sauti yake ikizungumza na yule bibi kwa lugha ambayo yeye hakuijua hata neno moja, kwa upole, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Aliiweka sawa kola ya shati lake, akakaa wima mbele ya ile dari, akaendelea kusubiri.